Maharage Kumi Kila Alhamisi

Mwaka jana, kule Oruchinga, kwenye makazi ya wakimbizi nchini Uganda, msichana mmoja aliniuliza mtu hutokaje kitandani wakati hana homa. Nilikuwa nimefika na lori la nyanya, mpitaji tu. Mama yake ndiye aliyeniingiza ndani, baada ya kusikia kwamba na mimi niliwahi kulala hivyo. Msichana alikuwa ameelekea ukutani. Dereva alikuwa anapiga honi, nikamjibu ovyo nikaondoka. Jibu lile linaniudhi hadi leo, kwa hiyo naandika jingine refu zaidi. Mimi si daktari. Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo nimeosha vyombo, nimeuza mitumba, nimekaanga mandazi kwenye vituo vya malori, wala sijakaa mahali pamoja miaka miwili mfululizo. Ninayoyajua ni yale yaliyonipitia mwilini.

Tuliishi Juru, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale: mama, mdogo wangu Zawadi na mimi, Feza. Tulitoka mashariki ya Kongo nikiwa na miaka minane. Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alichukuliwa na watu wenye bunduki akiwa shambani, na majirani walikuja kusema amepigwa risasi. Mama alilia njia nzima mpaka mpakani. Tulipoandikishwa alisema mume wake amekufa, karani akaandika. Kuanzia hapo, kila tulipoitwa kuhojiwa juu ya kupelekwa nchi nyingine, tuliulizwa maneno yale yale tukajibu maneno yale yale: jina la kijiji, siku, saa, shati alilovaa papa. Nakivale kila familia ina maneno yake ya faili, na watoto huyashika kama sala. Ukikosea siku moja tu, faili ya nyumba nzima inawekwa kando.

Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Nilimuuliza fundi wa baiskeli anajuaje tundu lilipo kabla ya kulitia tairi majini. Niliwauliza wavuvi wa ziwani samaki hulala saa ngapi. Nikiwa na miaka kumi na minne nilitaka kujua maharage yetu yanakwenda wapi, nikapanda lori la mnunuzi nikafika nayo mjini Mbarara. Huko nilibaki. Katika mtaa wa Nyamityobora nilipata kazi ya kuosha vyombo kwa mke wa Mwislamu mmoja mwenye duka la nafaka. Alikuwa mtu mwema. Ijumaa alinipa pilau bila kupima.

Mwezi wangu wa tatu pale nilimwona papa.

Alikuwa anashusha magunia nyuma ya duka. Nilimtambua kwa mgongo kabla sijamwona uso, maana bega lake moja lilikuwa chini kuliko jingine. Nilimwita. Aligeuka, akatazama kwanza kama kuna aliyesikia, ndipo akanitazama mimi. Hakuuliza mama yuko wapi. Alinipeleka pembeni, akaninunulia soda ya chungwa, akasimama mpaka nikaimaliza.

"Feza, niko na bibi hapa, na batoto," akasema. Bibi, kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ni mke. "Usiniite papa mbele ya batu. Rudia kwa mama yako."

Niliinywa soda yote. Baadaye jambo hilo lilinitesa kuliko maneno yake: kwamba niliinywa yote, na kwamba ilikuwa tamu.

Nilirudi Juru kesho yake. Mama alikuwa uani anapura maharage kwa fimbo. Nilimweleza. Fimbo haikusimama.

"Uliona mutu anamufanana," akasema. "Papa yako alikufa. Inaandikwa."

Nikamwambia nimezungumza naye. Akarudia, polepole zaidi, kwamba inaandikwa, na akanionya Zawadi asisikie.

Ugonjwa haukuja siku ile. Ulikuja kidogo kidogo katika msimu wa kupanda, na dalili ya kwanza, ambayo hakuna aliyeiona, ni kwamba niliacha kuuliza. Mama alidhani nimekua. Kisha usingizi ukaisha, halafu ukaja mwingi mno. Damu ya mwezi ikakata. Nywele za pembeni mwa kichwa zikakatika zikibaki kwenye mkeka. Chakula kilikaa mdomoni mpaka nikasahau kukimeza. Nilinuka, nikajua kwamba nanuka, na maji yalikuwa hatua sita kutoka nilipolala. Ukuta wa udongo mbele yangu ulikuwa na ufa wenye umbo la mguu wa kuku. Mahindi ya msimu ule yaliota, yakabeba, yakavunwa, na mimi nilikuwa naangalia mguu wa kuku.

Mama alinipeleka kwenye zahanati mara nyingi. Benchi la kungojea lilikuwa nje, bovu upande mmoja, hata mtu wa mwisho akiinuka ghafla wengine huporomoka. Nilipimwa malaria. Nilipewa dawa za malaria, kisha za vidonda vya tumbo. Siwalaumu. Waliniuliza panauma wapi, nikaonyesha tumbo kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mkono. Asubuhi moja nilisinzia begani kwa mwanamke mzee wa Kirundi nisiyemjua. Jina lake likaitwa, naye hakuinuka. Aliwaambia wamruke, akakaa pale mpaka mama aliporudi kutoka dirisha la dawa. Mpaka leo sijui alikuwa anaumwa nini. Labda yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa kuliko sisi sote.

Kanisani waliniombea siku tatu. Nyumbani Zawadi, mwenye miaka kumi, aliteka maji yake na yangu. Nilimsikia akimwambia mama kwamba yaya, yaani mimi dada yake mkubwa, anajifanya mgonjwa. Mama alimpiga kofi, halafu akakaa chini akalia, na mimi nikasikia yote kama ya nyumba ya jirani.

Sitaandika nilichokusudia kufanya mwisho wa kiangazi kile. Nitaandika tu kwamba Zawadi alirudi mapema kutoka bombani, akaketi karibu na mkeka wangu bila neno, akaanza kuchambua maharage kwa ajili ya jioni. Sikuweza kufanya lolote mbele yake. Alichambua muda mrefu kuliko kawaida. Nafikiri alijua. Jioni alimwambia mama, na mama, ambaye alikuwa amesikia kanisani kwamba wasichana wagonjwa wa huzuni wanakusanywa kila Alhamisi, alinipeleka Alhamisi iliyofuata. Njiani alijaribu kunilisha uji, nikafika nimeshika kijiko.

Tulikuwa wasichana wanane katika chumba cha kanisa, kwenye mikeka. Aliyetuongoza aliitwa Mama Tumwine, Mnyankole, mwenyeji wa nchi, mke wa askari, aliyetoka kambi ya jeshi ya Mbarara kila wiki kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuwa daktari. Alikuwa amefundishwa kazi hiyo tu, ya kukaa na wasichana wiki kumi na sita. Alisema Kiswahili cha jeshi, na kwetu sisi Kiswahili kile kilikuwa na mlio wa vizuizi vya barabarani. Riziki, aliyekuwa na mdomo kutushinda sote, alimpa jina la Afande.

Katikati ya mkeka aliweka kopo la maziwa ya unga na rundo la maharage. Kila mmoja, kabla ya kuanza, alitia kopo maharage kwa uzito wa wiki yake. Usipotia hata moja, wiki ilikuwa nyepesi. Kumi ilikuwa wiki isiyobebeka. Mama Tumwine alihesabu, akaandika katika daftari lake, kisha akatuomba tuzungumze.

Tulizungumza. Tulieleza vijiji, siku, saa, mashati. Sote wanane tulimpa faili. Hakuna aliyetutuma. Tulikuwa tumezoea kwamba mtu mwenye daftari akikuuliza habari zako, yanatoka maneno yale. Na kila wiki kila mmoja alitia maharage kumi, kwa sababu Nakivale namba ndogo haijawahi kumletea mtu kitu. Tulikuwa na hakika kwamba daftari lile linakwenda ofisini.

Wiki ya sita Mama Tumwine alimwaga kopo mbele yetu.

"Nyinyi yote kumi, kumi, kumi," akasema. "Hata askari kwa vita napata siku moja ya kupumua. Nyinyi hapana?"

Tulitazama chini. Akamwomba Aline aanze, na Aline, msichana mpole aliyeng'ata kola ya gauni lake, akaeleza tena habari ya mvua, na watu watatu, na mmoja wao aliyevaa koti la kijani. Riziki akageuka.

"Hata yangu iko na koti ya kijani," akasema. "Aline, ni ule muzee moja alitufundisha maneno ya faili?"

Kisha Aline akacheka akiwa ameziba mdomo, kisha wote. Nilicheka na mimi, na mbavu zikauma kama za mtu aliyebeba kuni. Mama Tumwine hakuelewa kinachochekesha, na alipoelewa hakukasirika. Alikaa tu akipangusa vumbi kwenye daftari. Ndipo nilipouliza swali langu la kwanza tangu msimu wa kupanda.

"Kile kitabu kinaendaka fasi gani?" Fasi, kwetu, ni mahali.

Alilifungua akalizungusha. Hapakuwa na jina hata moja. Palikuwa na picha alizochora kwa kalamu: jembe, kuku, kigoda, sufuria, na mbele ya kila picha mistari ya maharage.

"Wewe iko hii," akaniambia, akaonyesha kijiko. "Siku ya kwanza ulishika kijiko mpaka mwisho. Kitabu nakwisha, mimi natia kwa moto, nyinyi naona kwa macho. Lakini mtu akisema nataka kufa, ama kuna mtu naumiza yeye, hiyo mimi nasema kwa mkubwa wangu. Na naambia yeye kwanza. Hiyo tu, bambi," akamalizia kwa neno lao la kubembeleza.

"Na bwana yako, ule wa jeshi?" Riziki akauliza.

"Bwana yangu? Yeye hata hajui mimi nafanya kazi gani hapa. Yeye nafikiri mimi nafundisha kushona."

Siku ile maharage hayakubadilika, lakini faili zilikwisha. Wiki zilizofuata wasichana walisema mambo yao. Siyaandiki. Tuliapa, na miaka haijaondoa kiapo. Mimi nilingoja mpaka wiki ya nane, kwa sababu langu halikuwa langu peke yangu. Lilikuwa la mama, na la Zawadi aliyekuwa ameanza kutuuliza kama nchi ya baridi ina embe. Likitoka nje, hatuondoki Nakivale. Nikalisema hata hivyo, nikitazama kopo: papa yangu ni mzima, anabeba magunia Nyamityobora, aliniambia nisimwite papa, na mimi nikanywa soda.

Riziki alisogea mpaka kwenye mkeka wangu.

"Wewe angalau unajua fasi ya kwenda kumutukana," Riziki akasema, na mkono wake ulikuwa mgongoni kwangu.

Mama Tumwine aliuliza jambo ambalo sikulitegemea. Aliuliza, papa alipopotea, nani alikuja kuketi nasi matanga. Nikasema hakuna, tulikuwa njiani. Na alipokukataa Mbarara, nani alikuja? Nikasema, nani angekuja, mtu yuko hai.

"Basi wewe nalia mara mbili na hakuna matanga hata moja," akasema.

Wazo lilikuwa la Aline. Alhamisi iliyofuata walikuja kama watu wanavyokuja kwa aliyefiwa: vitenge viunoni, kila mmoja na kitu mkononi, huyu mahindi ya kuchoma, huyu kipande cha muhogo, huyu majani ya chai ndani ya karatasi. Walivua viatu mlangoni. Waliniambia pole mmoja mmoja, wakaketi kunizunguka, na kwa saa nzima hatukuzungumza, maana kwetu mtu wa matanga hasemeshwi mpaka aseme mwenyewe. Nje jirani aliuliza nani amekufa. Riziki akatoa kichwa dirishani akamjibu kwamba hajulikani bado. Nililia pale kilio ambacho sikuwa nimelia kwenye mkeka wangu, kilio chenye makamasi na njaa baada yake. Nilikula mahindi yote. Kisha nikatia maharage yangu. Saba. Mama Tumwine alihesabu mara mbili.

Wiki zilizobaki tulifanya mazoezi. Riziki aliigiza mama, mimi nikawa mimi, na alimweza mama hata akawa anapiga maharage yasiyokuwepo kwa fimbo isiyokuwepo. Mara tatu nilishindwa. Mara ya nne nilimaliza sentensi, na siku hiyo hiyo nikaenda nyumbani kabla sijaipoteza. Wito wa kuhojiwa ulikuwa umeshafika; zilibaki wiki mbili.

Mama alikuwa anakoka moto.

"Mama, sitasema tena kwamba papa alikufa," nikamwambia. "Sitasema hata kwamba iko Mbarara. Bakiniuliza, nitanyamaza."

"Ukinyamaza, batajua."

"Ndiyo. Bajue."

Alipuliza moto ambao ulikuwa umeshawaka. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba mara ya kwanza haukuwa uongo. Alimlilia kweli. Mwaka uliofuata akapata habari kupitia mnunuzi wa mahindi, akaenda Mbarara peke yake, akatuambia amekwenda hospitali.

"Nilikuwa nimekwisha kumulilia," akasema. "Ningemufufua namna gani?" Akasukuma ukuni ndani. Halafu: "Hata mimi alininunulia soda."

"Ya chungwa?"

"Ya chungwa."

Tulikaa pale. Moshi ulituingia machoni sote wawili, na ulitusaidia.

Hatukukubaliana chochote. Siku ya mahojiano Zawadi alivaa viatu tangu alfajiri. Tulingoja kwenye mabenchi chini ya turubai mpaka mchana, watu wakirudia maneno yao midomo ikitembea bila sauti, akina mama wakisahihisha watoto. Nilikuwa nimepata uzito kidogo, lakini mikono ilikuwa bado ya mgonjwa, nami niliikalia ili isitetemeke. Tulipoitwa, mama aliulizwa kwanza. Mfasiri alikuwa Mkongomani kama sisi. Alifika kwenye swali la mume, na kalamu ya afisa ilikuwa tayari imeshaanza kuandika.

"Si mufu," mama akasema. "Alituacha. Iko Mbarara. Baandike vile."

Mfasiri hakutafsiri. Alimwinamia.

"Mama, umesikia swali vizuri?"

"Nimesikia."

Ndipo Zawadi akasema, kwa sauti ndogo, "Papa ni muzima?" na akatutazama mimi na mama, mmoja baada ya mwingine. Sura ile ninayo bado.

Faili yetu iliwekwa kando. Hakuna aliyetufokea, hakuna aliyetupa barua. Tulipokwenda kuuliza dirishani tuliambiwa tungoje, na tumengoja misimu ya maharage mingi. Familia ya Aline iliondoka. Riziki alibaki kama sisi.

Wiki ya kumi na sita nilitia maharage matatu. Mama Tumwine alichoma daftari nje ya kanisa, tukaona kwa macho: kijiko kilijikunja kikawa cheusi. Maharage ya kopo tuliyapika. Yalikataa kuiva mpaka alasiri. "Huzuni ya batu munane," Riziki akasema akikoroga, "haiivi upesi." Tuliyala yakiwa magumu.

Msichana wa Oruchinga, hili ndilo nililopaswa kukuambia na dereva apige honi atakavyo. Sikupona kama mtu anavyopona jipu. Ugonjwa umenirudia mara mbili, mara moja Kampala, mara moja kwenye kituo cha malori. Sasa namjua mgeni huyo anapokaribia, kwa sababu naacha kuuliza, na siku hiyo hiyo natafuta mtu wa kuketi naye. Si lazima awe na dawa. Na ukifika mahali penye kopo, usitie kumi kwa sababu mwenzako ametia kumi.

Wala sitakudanganya kwamba kusema ukweli hakuna gharama. Zawadi ameolewa pale pale Juru. Anaongea nami, lakini siku mabasi ya wanaoondoka yanapokusanya watu, hanisemeshi, na simlaumu. Nchi ya baridi ilikuwa yake pia.

Msimu huu nilipita nyumbani, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuuliza, nilimuuliza mama kama anajuta. Alikuwa uani na fimbo yake, maganda yakiruka. Alipiga mara kadhaa kabla ya kujibu.

"Ile karatasi ilikuwa inataka mufu mumoja," akasema. "Nikaangalia vile umekalia mikono yako. Nikaona, kama sitoe papa yako kwa batu bamekufa, nitaandika wewe fasi yake."

Kisha akaniambia nisogeze mguu, nimekanyaga maharage.